Kredit 17 na shifti mbili za usiku: kisa cha mpwa wangu na safari ya udaktari Texas

Dada alinipigia Jumapili jioni, wiki ya pili ya semista imeisha, hata salamu hazikukamilika. "Kaka njoo uongee na mtoto wako, anataka kuacha Fizikia." Alivyolitamka hilo neno kuacha ungedhani binti anataka kuacha dini. Nikachukua gari nikaenda, dakika 40 kutoka kwangu, wanakaa kitongoji kimoja nje kidogo ya Dallas. Njiani nilikuwa nimeshapanga na hotuba kabisa, ya kumwambia avumilie, asiachie, sisi wengine tulipita kwenye mabaya zaidi. Hiyo hotuba sikuitoa, na ndo sababu ya kuandika kisa hiki.

Kwanza niwaweke sawa wale walio nyumbani maana hili swali naulizwa kila wiki. Marekani huingii udaktari ukitoka kidato cha sita. Kwetu Tanzania ukimaliza PCB (fizikia, kemia, baiolojia) vizuri unaomba MD, digrii ya udaktari, miaka 5, kisha intern mwaka mmoja, umekuwa daktari. Huku unasoma kwanza digrii ya kawaida miaka 4, ya chochote kile, hata ya historia ukitaka, ila ndani yake lazima upachike masomo ambayo shule za udaktari zinayadai: baiolojia mwaka mzima na maabara yake, kemia ya kawaida mwaka mzima, kemia ya oganiki, fizikia, biokemia, takwimu, kiingereza. Katikati ya hayo unafanya mtihani unaitwa MCAT, mrefu wa siku nzima, ndo unaomba shule ya udaktari ambayo nayo ni miaka 4 mingine. Kwahiyo mpwa wangu yuko mwaka wa pili wa chuo na udaktari bado hajaugusa. Bibi yake Muheza hili hajalikubali mpaka leo, kila simu anauliza daktari wetu kafika wapi, anaanza lini kudunga watu sindano.

Sasa kisa chenyewe. Binti alikuja huku na mama yake akiwa na miaka 16, wana grini kadi, akamalizia sekondari hapahapa Texas, akaingia chuo cha serikali anachokwenda na kurudi kila siku. Mwaka wa kwanza alimaliza na kredit 30 (kredit ni kipimo cha uzito wa somo) na GPA ya 3.70 kati ya 4, sio mchezo kwa mtu aliyejifunza neno "homework" mwaka juzi tu. Semista hii, ya kwanza ya mwaka wa pili, akajiandikisha kredit 17: oganiki ya kwanza kredit 3 na maabara yake 1, fizikia ya kwanza 3 na maabara 1, jenetiki 3, takwimu 3, na somo la serikali ya Marekani 3. Hilo la mwisho usilicheke, Texas ni sheria, ukisoma chuo cha serikali hutoki bila kredit 6 za historia ya Marekani na 6 za siasa na serikali, hata kama unasomea kung'oa meno.

17 ukiitazama kwenye karatasi haitishi. Kufuli ya chuo chake iko 18, ukitaka kuzidi hapo ndo unaomba ruhusa. Ukitaka kumaliza kredit 120 kwa miaka 4 unatakiwa wastani wa 15 kila semista, sasa 17 ni mbili tu juu ya wastani, nani ataogopa mbili. Mshauri wake wa masomo alipitisha bila hata kuuliza swali. Mimi mwenyewe aliponitumia ratiba mwezi wa saba nilimjibu "safi sana mama, kaza." Nalikiri hilo hapa mapema ili msije mkadhani mjomba ndo mwenye busara kwenye hii hadithi.

Kitu ambacho hakikuwepo kwenye ile ratiba ni kazi. Binti ni CNA, msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee, Jumamosi na Jumapili, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Shifti mbili za saa 12, jumla saa 24. Diaspora wenzangu mnaijua hiyo kazi vizuri, nusu yetu ndo imetupangishia nyumba za kwanza. Kugeuza wazee kila baada ya saa mbili wasiote vidonda, kubadilisha mashuka, kengele ya chumba cha 14 inalia, unaenda, anataka maji, unarudi, inalia tena anataka kujua ni saa ngapi. Na Jumapili usiku anatoka saa moja asubuhi ya Jumatatu, maabara ya fizikia inaanza saa nne asubuhi hiyohiyo.

Nilipofika alikuwa mezani jikoni na daftari la oganiki. Hiyo Jumapili alikuwa ameomba mwenzake amshikie shifti, mara yake ya kwanza kufanya hivyo. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Macho mekundu. Akanisogezea daftari nione, sikujua anataka nione nini, ukurasa una michoro ya saikloheksani, ile pete ya kaboni 6 inayochorwa kama kiti cha kuegemea, unatakiwa uweke haidrojeni zinazosimama wima na zinazolala pembeni. Mchoro wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu mguu wa kiti umeanza kuteleza, halafu mstari wa kalamu umeshuka moja kwa moja mpaka chini ya ukurasa ukatokea pembeni. Alilala akiwa anachora. Kwizi ya kwanza alikuwa amepata 61.

Mama yake kasimama kwenye sinki anaosha sufuria ambayo ilishatakata zamani.

Basi nikamwambia lete karatasi nyingine. Chuo chenyewe kina kanuni ya kredit, kila kredit moja ya darasani ni saa moja ya kukaa darasani na saa mbili za kusoma nje, kwa wiki. Hiyo sio maneno ya mtaani, serikali kuu ya Marekani inaitambua kredit hivyohivyo. Kredit 15 za mihadhara ni saa 15 darasani na 30 nje. Maabara ndo mwizi mkubwa hapo, imeandikwa kredit 1 lakini ukiingia unatoka baada ya saa 3, mbili kwa wiki ni saa 6, na ripoti za kuandika nyumbani nikaweka saa 6 nyingine. Jumla 57. Kazi 24, tumefika 81. Kwenda na kurudi chuo saa moja na nusu kila siku kwa siku tano, 88 na nusu. Usingizi wa saa 7 ambao hajaupata tangu Agosti, 49 kwa wiki, 137 na nusu. Wiki ina saa 168. Zinabaki 30 na nusu za kula, kuoga, kufua, kanisani, kumpeleka mdogo wake mpira, kujitolea hospitali maana shule za udaktari zinataka kuona umejitolea, kumfuata daktari nyuma nyuma ukitazama anavyofanya kazi maana nalo wanalitaka, na kukaa tu umetazama ukuta. Saa nne kwa siku na ushee. Kwa makaratasi inawezekana kabisa! Mtu akikwambia haiwezekani amekudanganya, inawezekana kwa kiumbe ambaye haumwi, hasahau, hana foleni, na anayeamka kutoka shifti ya usiku akili ikiwa timamu palepale.

Halafu nikamgeuzia hesabu upande wa pili, na hapa ndo na mimi nilishtuka. Kama kredit moja ni saa tatu za wiki, basi saa 24 za kazi ni kredit 8. Kwahiyo binti hakuwa na 17. Alikuwa na 25. Na somo zito kuliko yote kwenye ratiba yake halikuwa oganiki wala fizikia, lilikuwa wazee wa chumba cha 14, ambalo halina gredi na halitokei kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo, hakuna ofisa yeyote wa shule ya udaktari atakayeliona mpaka afungue ukurasa wa shughuli.

Dada akageuka hapo. "Kwahiyo unasemaje, aache?"

Nikamwambia dada ngoja. Maana hilo neno ndo linatupiganisha. Kwetu somo huachi. Ratiba unapewa, darasa zima mnabeba mzigo uleule, mwenye shida nyumbani na asiye na shida, na ukianguka kuna sapu, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa, ukifaulu maisha yanaendelea, ukianguka tena sana sana unarudia mwaka, na mbaya kabisa unadisko, yaani unaondolewa chuo. Mzigo sio uamuzi wako, kwahiyo anayepunguza mzigo ameshindwa, tunavyojua sisi. Huku mzigo unaupanga mwenyewe. Inaonekana uhuru, na ni uhuru kweli, ila sapu hakuna. Ukipata C ya oganiki ukairudia ukapata A, mfumo mkuu wa maombi ya udaktari, AMCAS, unahesabu zote mbili, C inabaki na A inabaki, unapata wastani wake. Upande wa shule za osteopathi, nazo zinatoa madaktari ila digrii yao ni DO badala ya MD, walikuwa wanakubali gredi mpya ifute ya zamani, nao waliacha 2017. Na GPA ya masomo ya sayansi, yaani baiolojia, kemia, fizikia na hesabu, inatolewa peke yake pembeni, kwahiyo huwezi kuificha C ya oganiki chini ya A ya muziki.

Mimi hili nilijifunza kwa ngozi yangu. Nilikuja huku 2008, nikaanza na ndoto hiyohiyo, kredit 18, usiku nageuza wazee, oganiki nikapata C. Nikairudia, B, nikafurahi kweli nikijua ile C imekufa kama sapu inavyoua alama. Miaka miwili baadaye nakaa na mshauri ananifungulia hesabu ya AMCAS nakuta C imekaa palepale inanitazama. Kulikuwa na mengine pia, sisemi ni C peke yake, lakini nikahamia unesi. Naupenda unesi, unanilisha, sijutii. Ila nisingependa mtu afike kwenye unesi kwa mlango ule niliopitia mimi, mlango wa kusukumwa.

Tukapiga hesabu ya GPA basi, kwa utulivu. Ana kredit 30 kwa 3.70, hizo ni pointi 111. Akiendelea na 17 kwa hali hii, tuseme semista imtoke 2.8, mchanganyiko wa B na C, anaongeza pointi 47.6, jumla 158.6 kwa kredit 47, GPA imeshuka mpaka 3.37. Semista moja tu! Sasa ili amalize chuo na 3.70 aliyokuwa nayo, kwenye kredit 73 zinazobaki anatakiwa wastani wa 3.91, maana yake karibu A tupu mpaka mwisho, na mbele kuna oganiki ya pili na biokemia. Akipunguza mpaka 13 akashika 3.7 yake, anabaki 3.70, hajapoteza kitu. Wanaopokelewa shule za MD nchi nzima wastani wao unazidi 3.7, na kila mwaka zaidi ya nusu ya wanaoomba hawapati hata sehemu moja. Sasa hapo mtu anaposema "watapenda kuona alichukua mzigo mzito", mi namuuliza, wataona wapi? Kwanza wanaona GPA, wanaona MCAT, baadaye sana wakishakupenda ndo wanafungua semista moja moja kuangalia ulikuwa na kredit ngapi. Mzigo mzito wenye A unakusaidia, sikatai. Mzigo mzito wenye C ni C.

Dada akatoa hoja yake ya mwisho na ilikuwa hoja ya maana, sio ya kupuuza: shule ya udaktari yenyewe ni nzito kuliko hii, akishindwa 17 sasa, kule ataweza nini? Nimeisikia kwa watu wengi. Jibu langu ni kwamba kule hatageuza wazee wikiendi. Kule karibu kila mtu anaishi kwa mkopo na kazi yake ni kusoma basi, na shule nyingi miaka miwili ya mwanzo hazitoi tena A na B, ni faulu au feli, hata mtihani wa kwanza wa leseni, Step 1, umekuwa faulu au feli tangu Januari 2022. Kwahiyo mnalinganisha mtu mwenye kazi moja na mtu mwenye kazi mbili. Ila nilimpa dada nusu ya hoja, kwamba kuchukua 12 kila semista mpaka mwisho nako hapana, mahali fulani lazima aonyeshe semista yenye masomo magumu mawili matatu kwa pamoja na gredi nzuri, vinginevyo swali lake litaulizwa kwenye interviu na litakuwa na haki. Swali ni semista gani. Hii sio yenyewe.

Haya, tupunguze nini? Hapa ndo watu wengi wanakosea na yeye alikuwa karibu akosee upande mwingine. Rafiki zake walimwambia atupe lile somo la serikali, si la kijinga, abaki na sayansi. Nikasema weee. Ukitupa lililo jepesi unabaki na oganiki, fizikia, jenetiki na takwimu zimekukalia kooni bila hata mahali pa kupumulia, kredit 14 lakini nzito karibu kama 17. Somo jepesi ni mto wa kulalia, linakupa A kwa jasho dogo. Unatoa lililo zito ambalo halijafungwa na kitu.

Ndo tukachora mnyororo. Oganiki ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua biokemia, na biokemia ipo kwenye MCAT kwa wingi tu tangu mtihani ubadilishwe 2015. Akiitoa oganiki sasa, mnyororo wote unasogea mwaka mzima maana chuo chake oganiki ya kwanza inafundishwa Agosti tu. Jenetiki inadaiwa na digrii yake. Fizikia haifungui kitu kingine chochote, ni ya kwanza na ya pili basi, na ipo kila semista. Kumbe binti alishalijua hilo. Aliposema anataka kuacha Fizikia hakuwa amekimbia somo gumu, alikuwa ameshakaa na huo mnyororo kabla yetu sote, ila nyumbani hakuna aliyemuuliza kwanini fizikia na sio lingine. Mama yake alisikia kuacha, akaishia hapo.

Na muda ulikuwa unakimbia. Vyuo vya serikali Texas vina siku ya 12 ya masomo, wanahesabu siku za darasa kuanzia ya kwanza, Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi ya Septemba, haimo. Ukilitoa somo kabla ya siku hiyo haijapita linafutika kama hukuwahi kujiandikisha na hela yake inarudi. Ukipitisha, unapata W kwenye transkripti, alama ya kwamba uliacha somo katikati, na kuna sheria ya jimbo kwa wote walioanza chuo kuanzia vuli ya 2007, ruksa ni kuacha masomo 6 tu katika digrii yako yote. W moja haiui mtu, nimeona madaktari wenye W. Ila kwanini uitumie kama siku tatu kabla unaweza kutoka bure? Sisi tulikuwa Jumapili, siku ya 12 ilikuwa Jumatano.

Nitoe tahadhari kidogo kwa mnaosoma kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, msije mkaiga hii kama ilivyo. Ninyi hamruhusiwi kushuka chini ya kredit 12 bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na kazi ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, CNA ya nje usiiguse. Na mjue shule nyingi za udaktari hazipokei mtu asiye na grini kadi au uraia, zinazopokea ni chache na nyingine zinataka uonyeshe hela ya miaka yote minne. Hilo liangalieni mapema kabla ya kukosana na mtu kuhusu kredit.

Nirudi jikoni. Fizikia ikitoka anabaki na 13. Lakini ukiweka na zile 8 za kazi bado ni 21, na hapo ndo nikaona tunazunguka tu, tunakata tawi dogo na gogo limelala palepale. Nikauliza shifti mbili zinaingiza nini. Kimya. Binti akamtazama mama yake. Ikabidi dada akae chini, kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Shifti moja ni dola 200 na kidogo kabla ya kodi, kwa mwezi mbili hizo ni kama 1,600. Humo kuna bima ya gari, kuna mchango wa kodi ya nyumba, na kuna dola 150 za bibi Muheza, dawa za presha na kijana wa kumsaidia kwenye michungwa. Binti wa miaka 20 anamtunza bibi yake na mimi mjomba mtu mzima, mtoto wa huyo bibi, sikuwa najua. Dada aliniambia miaka miwili iliyopita kwamba "tutaangalia," nikadhani anaangalia yeye.

Aibu niliyoisikia sitaielezea.

Basi, ya bibi nikaichukua mimi kuanzia mwezi ule, na haikuwa msaada, ilikuwa deni langu lililokuwa linalipwa na mtu mwingine. Dada akasema bima ya gari ataibeba yeye mpaka Desemba. Binti akabaki na shifti moja, Jumamosi usiku, Jumapili analala, Jumatatu anaamka kama binadamu. Meneja wake wa kazini alikunja uso lakini CNA mwenye kuaminika hafukuzwi kirahisi huku, wanajua watampata wapi mwingine. Na hata kwa maombi ya udaktari hatukutaka aiache kabisa, saa za kuhudumia wagonjwa kwa mikono yako zina uzito, kuna watu wanalipia kozi ili wazipate.

Jambo la mwisho lilikuwa muda. Fizikia ikihamia mwaka wa tatu, MCAT inasogea, maombi yanasogea, na uwezekano mkubwa atakaa mwaka mmoja kati ya chuo na udaktari. Dada hakulipenda, miaka inaenda, na mikopo yenyewe inabana, Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, imefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 na mwanafunzi wa udaktari mkopo wa serikali kuu mwisho wake dola 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Nikamwambia zaidi ya nusu ya wanaoanza udaktari huku wamekaa huo mwaka, sio aibu, na sisi tuko Texas, shule za serikali za hapa ada yake ni ya chini ukilinganisha na majimbo mengi na kwa sheria nafasi 90 kati ya 100 ni za wakazi wa jimbo. Bora afike amechelewa mwaka mmoja akiwa na GPA inayofungua mlango wa hapahapa, kuliko awahi halafu asipate popote, aombe mara ya pili na ya tatu, kila raundi inakula mwaka na maelfu ya dola. Hakusema amekubali. Alisema "chakula kipo, mle." Kwa dada yangu hiyo ni saini.

Jumanne usiku binti alifungua mtandao wa chuo akaitoa fizikia na maabara yake. Alinitumia picha ya skrini, 13, bila neno lolote.

Mambo hayakunyooka palepale. Mtihani wa kwanza wa oganiki 74, na kwa siku mbili hakuna aliyeongea nyumbani. Wa pili 83, wa tatu 88. Desemba oganiki ikatoka B+, maabara A, jenetiki A-, takwimu A, na lile somo la serikali lililotaka kutupwa, A. Semista nzima 3.77, jumla ikapanda kidogo 3.72. B+ ilimuuma, mi niliona ni gredi ya mtu aliyelala usingizi akaamka. Kuna jirani mmoja kijana wa chuo kingine alisoma 18 semista hiyohiyo akapata A zote, na mama yake alihakikisha tunajua. Hongera yake kweli, anaishi bwenini na hafanyi kazi.

Juzi amenitumia ratiba ya semista mpya nimwangalizie. Oganiki ya pili na maabara 4, fiziolojia 4, historia ya Marekani 3, saikolojia 3. Jumla chini chuo kimeandika 14. Yeye kaongeza mstari wake kwa kalamu nyekundu, Jumamosi usiku, KAZI, 4, halafu ile 14 kaikata akaandika 18 pembeni, na chini yake: "Mjomba naona hii imejaa, nitoe saikolojia au?"